Tiketi Tatu za Njia ya Zimamoto

Simu ya baba mdogo Zefania iliingia Jumatano asubuhi, Nelima akiwa ndiyo kwanza ametoka shifti ya usiku katika nyumba ya wazee, hata viatu hajavua. Kutoka Webuye mpaka Oxon Hill, Amerika, kila dakika ina bei yake, na Zefania hakuwa mtu wa kuchezea dakika. Hakuuliza habari za kazi wala za hali ya hewa.

"Ukoo umekaa," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu, tunamzika Simiyu."

Nelima aliketi kitandani. "Mnamzika mkimtoa wapi?"

"Unajua tunavyofanya. Tutakata mgomba, tuuvike koti lake la shule, tuuzike kando ya marehemu baba yenu. Miaka karibu mitatu hakuna barua, hakuna simu. Ndugu yenu Peterson ana mchumba, anataka kuoa na kugawiwa shamba, na hawezi kumruka kaka yake asiyejulikana yuko hai au amekufa. Tumkalishe kijana wa watu mpaka lini?"

"Na mama anasemaje?"

"Mama yako hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Lakini ukoo umekaa."

Kwa kina Nelima hilo si jambo la mzaha. Mtu akishazikwa kwa mgomba, amekwisha. Hata akitokea mwezi ujao na sanduku lake kichwani, kwa ukoo atakuwa mfu anayetembea, na wapo wazee ambao hawatampa mkono mpaka wafe wao. Simiyu angekuwa mtu wa miaka thelathini na tatu asiye na mahali pa kurudi.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Zefania hakukijua, wala mama, wala mtu yeyote Webuye. Aliyempoteza Simiyu ni Nelima mwenyewe.

Simiyu alitangulia Amerika kusoma uhandisi pale chuo kikuu cha College Park, na Nelima akamfuata miaka mitatu baadaye. Alipofika alimkuta kaka yake amekwisha kuacha masomo zamani, anaendesha lori la kubeba makochi, huku kila mwezi akimwandikia baba barua za mitihani aliyofaulu. Baba akizisoma hizo barua kanisani, mbele ya watu. Siku ukweli ulipofika nyumbani kupitia kwa mtu aliyekwenda likizo, presha ilimpanda mzee. Agosti ya 1995 akafa. Nelima akampigia kaka yake simu. Alimwambia, "Umemuua baba kwa uongo wako. Usinitafute. Mimi huku sina ndugu." Wiki iliyofuata namba yake ilikuwa imekatwa, na katika chumba chake College Park alifungua mlango Mhindi mmoja mpole ambaye hakumjua.

Maneno hayo Nelima hakuwahi kumwambia mtu. Nyumbani walipouliza alisema tu, "Huyo naye, nchi imemmeza." Aliona haya, na haya ile ilikuwa imekaa naye miaka yote hiyo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Siku hiyo hakulala. Alishuka ghorofa moja akamgongea Vaileth, Mnyakyusa wa Mbeya, rafiki yake wa kanisani, ambaye alikuwa akifanya usafi katika jengo la mahakama ya kaunti. Vaileth alimwekea chai, akasikiliza habari ya mgomba mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo kwake si la kawaida.

"Umemtafuta wapi na wapi?" aliuliza.

"Ubalozini. Kanisani kwa Wakenya. Kwa wale vijana wanaokaa Shaw. Hata hospitali nimepiga simu."

"Jamani, wewe nawe. Kaka yako dereva, halafu unamtafuta kanisani." Vaileth aliweka kikombe chini. "Mtu anaweza kuwakwepa ndugu, akaukwepa ubalozi, lakini miaka mitatu barabarani bila kuandikiwa tiketi ya faini hata moja? Labda awe malaika. Pale ghorofa ya kwanza kuna kaunta ya makarani. Unawapa jina, wanaangalia kwenye kompyuta. Si siri, mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza. Kila siku nawaona watu wamejipanga."

Kesho yake, Alhamisi, Nelima alikuwa kwenye foleni hiyo kabla mlango haujafunguliwa. Mbele yake alisimama mzee aliyeshika tiketi ya mwendo kasi kana kwamba ni hati ya kiwanja, na kijana aliyekosa siku yake ya kesi na sasa laiseni yake imefungiwa. Karani alikuwa mama Mmarekani mweusi mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Hakuwa mkali, hakuwa mchangamfu. Alikuwa anafanya kazi.

"Jina la ukoo?"

"Wanjala."

"Jina la kwanza?"

"Solomon." Ndilo jina la Simiyu la ubatizo.

Karani akabonyeza, akasubiri, akatikisa kichwa. Hakuna. Nelima akaomba ajaribu Simiyu Wanjala. Hakuna. Tarehe ya kuzaliwa? Nelima akaitaja ile ya cheti, kwa sababu ile ya kweli hata mama haijui. Anachojua ni kwamba ulikuwa mwaka wa kiangazi. Hakuna.

"Samahani, mpenzi. Anayefuata."

Vaileth alikuwa anapiga deki kwenye korido, na alimwona Nelima anavyotoka. Hakuhitaji kuuliza.

"Hayumo," Nelima alisema. "Basi. Labda kweli amekufa."

"Ulimpa jina gani?"

"Wanjala. Si ndiyo jina la baba?"

Vaileth aliegemea mpini wa deki. "Hebu ngoja. Kwenye cheti chako cha shule umeandikwaje, mwanzo mpaka mwisho?"

"Wanjala Ruth Nelima. Daftari za kwetu wanaanza na jina la baba. Nilipokuja huku nikalazimika kulipeleka nyuma, la sivyo wangeniita..." Nelima akageuka kuitazama kaunta.

"Wangekuitaje?"

"Bi Nelima."

"Na kaka yako alikuja huku na cheti cha shule. Alirekebisha?"

Simiyu hakuwahi kurekebisha kitu chochote chenye fomu. Nelima alimjua. Aligeuka, akarudi mwisho wa foleni, akasimama tena dakika arobaini, na safari hii hakungoja kuulizwa. "Jina la ukoo ni Simiyu," alisema. "La kwanza ni Wanjala. La kati Solomon."

Karani akabonyeza. Akavaa miwani vizuri.

"Huyu hapa," alisema.

Nelima akashika ukingo wa kaunta. Yu hai, alijisemea. Au angalau alikuwa hai siku alipoandikiwa. "Ya lini?"

"Ziko tatu. Zote za kuegesha gari kwenye njia ya zimamoto. Ya kwanza tarehe ishirini na nne Agosti, mwaka jana. Ya pili Desemba ishirini na tano. Ya tatu Aprili kumi na tatu, mwaka huu. Mbili amelipa kwa posta. Ya tatu ameomba kusikilizwa na hakimu." Karani alisoma anwani ya laiseni, na Nelima akaitambua: kile chumba cha College Park, cha yule Mhindi mpole. Haikuwa na msaada.

"Aliegesha wapi?" aliuliza, ili mradi aulize.

Karani akasoma jina la mtaa na namba ya jengo. Ilikuwa Oxon Hill. Lilikuwa jengo la Nelima.

Alimwomba karani arudie. Karani akarudia, polepole, akidhani tatizo ni Kiingereza. Kisha kwa sababu foleni ilikuwa fupi, au kwa sababu alikuwa ameona uso wa Nelima, akasema, "Ukitaka naweza kukutolea nakala za tiketi zenyewe." Akaingia nyuma, akakaa, akarudi na karatasi tatu zenye joto la mashine.

Nelima alizisomea kwenye benchi la korido, Vaileth akiwa amekaa kando yake na ndoo miguuni. Chini ya kila tiketi palikuwa na nafasi ya askari kuandika maelezo. Ya Agosti, tarehe ileile aliyokufa baba, ilisema hivi kwa mwandiko wa haraka: *Dereva yumo garini. Anasema anamsubiri dada yake.* Ya Krismasi, mwandiko ni uleule, na askari alikuwa ameanza kuchoka: *Dereva yumo garini. Anamsubiri dada yake, tena.* Ya Aprili ilikuwa fupi kuliko zote: *Gari tupu.*

"Aprili kumi na tatu ilikuwa lini?" Vaileth aliuliza.

Nelima hakuhitaji kalenda. "Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa kazini. Nilipiga shifti mbili, kwa sababu mwenzangu Queen aliniomba nimshikie." Alilia pale pale, bila kujificha, watu wakipita na tiketi zao. Krismasi yote alikuwa dirishani ghorofa ya tatu, anapika pilau peke yake, na kaka yake yuko chini kwenye gari baridi, anaandikiwa faini. Vaileth alimpa kitambaa cha kufutia vioo, kikavu, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo.

Tarehe ya kusikilizwa ilikuwa Jumanne ya tarehe tisa, saa tatu asubuhi. Siku nne kabla ya mgomba.

Jioni hiyo alimpigia Zefania akamweleza kila kitu, isipokuwa lile neno lake la simu ya zamani. Akasema anazo karatasi za mahakama mkononi, kwa hiyo wasimamishe.

"Karatasi," alisema Zefania. "Binti yangu, hapa kijijini kuna wafu wanapiga kura kwa karatasi. Wazee hawatasimamisha kitu kwa karatasi. Nitamketisha mama yako hapa dukani kwangu kwenye simu, Jumanne jioni. Mpe sauti ya mwanawe. Usipompa, Jumamosi tunachimba."

"Na asipokuja mahakamani?"

"Basi utakuwa umejua kwamba hataki kupatikana," alisema Zefania, na hakulisema kwa ubaya.

Jumanne Nelima alifika na gauni lake la kanisani na kadi ya simu ya dola ishirini ambayo hajaikwangua. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina viti vya mbao na saa kubwa ukutani. Watu kama thelathini hivi. Aliangalia nyuso zote, mstari kwa mstari. Hakuwemo.

Hakimu alikuwa mzee mwembamba mwenye mafua. Aliita majina kwa herufi, akawamaliza wa A na wa B na wa G, kila mmoja na kisa chake: breki zilifeli, mtoto alikuwa anatapika, kibao kimefunikwa na mti. Saa nne kasoro dakika kumi akaita, "Simiyu. Wanjala Simiyu."

Hakuna aliyesimama.

"Simiyu," alirudia, akapiga chafya, na akaiweka ile karatasi kando, upande wa kulia, juu ya karatasi za watu ambao hawakutokea. Nelima aliitazama ile karatasi ilivyokaa. Alifikiria koti la shule, lile la kijani lenye kiwiko kilichoshonwa na mama, likivalishwa mgomba, na vifungo vikifungwa kimoja kimoja na wazee wasio na haraka. Kosa ni langu, alijisemea. Nilimwambia asinitafute, na yeye mwishowe ametii.

Wakamalizwa wa T. Wakamalizwa wa W. Mlango wa nyuma ukafunguka, na akaingia mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya kampuni ya kuhamisha vyombo, kofia mkononi, anahema. Alikuwa ameota mvi kidogo juu ya masikio. Akapita katikati bila kuangalia kushoto wala kulia, akamwendea karani wa meza, akamnong'oneza. Karani akaichukua ile karatasi ya kulia na kumrudishia hakimu.

"Bwana Simiyu. Umechelewa."

"Nisamehe, mheshimiwa. Lori lilikuwa na vyombo vya watu."

Nelima aliisikia sauti ile na akashindwa kuinuka.

Hakimu akaisoma tiketi, halafu akatazama rekodi. "Hizi mbili za kwanza, mahali palepale, ulilipa bila neno. Ya tatu unaipinga. Kwa nini hii?"

Simiyu alizungusha kofia mikononi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, kile cha mtu aliyewahi kusoma. "Zile mbili nilikuwa na makosa, mheshimiwa. Nilikaa tu kwenye gari nikazuia njia bila sababu. Lakini hii ya tatu sikukaa. Siku hiyo nilishuka. Nilipanda ngazi, nikabisha mlango wa dada yangu. Niliona si haki nilipe faini ileile kama siku nilizoogopa."

Hakimu alivua miwani. Hata yule mtu wa breki alikuwa anasikiliza.

"Ulikaa huko juu muda gani?"

"Dakika ishirini. Nilibisha, sikufunguliwa."

"Alikuwa ndani?"

"Sijui, mheshimiwa. Labda alikuwa ndani na hakutaka. Ana haki."

"Nilikuwa kazini," alisema Nelima.

Alikuwa amesimama, hata hakujua saa ngapi. Alikuwa amesema kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kiingereza ili hakimu naye asikie. "Nilikuwa kazini siku ile. Shifti mbili. Ningekuwa nyumbani ningefungua."

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye dada."

Simiyu hakugeuka mara moja. Mabega ndiyo yaliyogeuka kwanza, kisha kichwa, na alipomwona akarudisha uso wake mbele haraka, akautazama ukuta, kidevu kikimcheza. Hakimu alitoa leso, na safari hii haikuwa ya mafua peke yake, ingawa yeye angekana.

"Njia ya zimamoto ni njia ya zimamoto," alisema. "Una hatia. Faini nakusamehe. Na wewe, mama, siku nyingine akija, mwonyeshe pa kuegesha. Anayefuata."

Kwenye korido walisimama wakitazamana kama watu wawili waliogongana sokoni. Simiyu ndiye aliyeanza. "Umenenepa," alisema.

"Na wewe umezeeka." Kisha Nelima akasema lile alilolibeba miaka karibu mitatu, akalisema waziwazi ili lisije likapotea njiani. "Yale maneno ya simu nilikosea. Hukumuua baba. Nilikuwa na uchungu, nikakutupia wewe. Nisamehe, kaka."

"Nilimdanganya lakini."

"Ulimdanganya. Hukumuua."

Simiyu alitikisa kichwa mara kadhaa, akakubali kwa shida, akajifuta na kofia. Nelima hakumpa nafasi ya zaidi. Alimshika mkono wa ovaroli akamkokota mpaka kwenye simu ya ukutani karibu na vyoo, akikwangua ile kadi kwa ukucha huku anatembea, na njiani akamweleza kwa maneno machache: Peterson, koti la kijani, Jumamosi, mgomba. Simiyu alisimama katikati ya korido.

"Wananizika?"

"Ndiyo. Ongea na mama, haraka, kabla kadi haijaisha."

Namba zilikuwa nyingi na mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili ikaita, mbali, kwa ule mwito wa nyumbani, na ikapokewa kabla haijaita tena. Kule Webuye ilikuwa jioni. Zefania hakusalimu. "Uko naye?" aliuliza, na Nelima akampa Simiyu mkonga wa simu.

"Mama," alisema Simiyu.

Nelima alisogeza sikio lake karibu na la kaka yake, kama walivyokuwa wakisikiliza redio moja zamani. Alimsikia mama anapumua.

"Wewe ni nani?" aliuliza mama. Alikuwa ameshadanganywa kwa barua, hakuwa na haraka.

"Ni mimi, Simiyu."

"Simiyu wangu ana kovu. Analo wapi?"

"Nyuma ya goti la kulia. Ulinichoma mwenyewe na sufuria ya uji, ukasema nisimwambie baba. Sikumwambia."

Mama hakupiga kelele. Alivuta pumzi moja ndefu, na wote wawili kwenye korido ile walisikia kiti kinasukumwa, kisha sauti yake ikageuka kando, si kwao, kwa mtu aliyesimama naye mle dukani. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu anayegawa kazi za jioni.

"Zefania. Ule mgomba mlioukata, nenda ukaukatekate uwape ng'ombe. Na hilo koti nirudishie, lina mwenyewe."